Maziwa Lala ya Wifi Yangu Rasoa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, hata na sisi wenye vifua vibovu!

Naitwa Rodah, mjane wa hapa Navakholo. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa nimeshapita sitini, na kila mvua iliponyesha kifua kilinibana. Kikohozi, homa, dawa. Nikipona kidogo, naanza tena. Watu wa boma wakasema ni uchawi wa wifi yangu Rasoa, dada wa marehemu mume wangu. Sikujua niamini nini. Nikawa namwogopa tu, na tunaishi ua mmoja!

Msimu mmoja nikalazwa kwa nimonia. Dawa za hospitali ziliniokoa, namshukuru Mungu, lakini ziliniharibu tumbo. Niliporudi nyumbani obusuma, ugali wetu, haukupita kooni, hata tonge moja. Nililala nikitazama mabati, nikajiambia, mvua ijayo ndiyo itakayonizika.

Sista wa zahanati akaja kuniona. Akasema tumboni mna vijidudu vizuri vinavyousaidia mwili kupigana na magonjwa, na dawa kali huviua pamoja na vile vibaya.

"Kunywa maziwa lala, mama. Yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Si dawa ya kifua, lakini yatakupa nguvu. Na ukianza kuhema, usikae nyumbani!"

Nani pale bomani alikuwa na ng'ombe wa kukamwa? Rasoa peke yake!

Sikumtuma mtu. Alisikia mwenyewe, akaingia na kibuyu cha maziwa lala, akamimina kikombeni. Mkono wangu ulikataa kupokea kikombe. Rasoa akanitazama, machozi yakamlenga.

"Rodah, kama kuna sumu, ianze na mimi."

Akanywa nusu, akanipa iliyobaki.

Ndugu zangu, nilikunywa! Nikasikia kitu kizito kikiniondoka, si kifuani, moyoni.

Akawa analeta kila asubuhi. Tumbo likatulia, nikala, nikarudi shambani kwangu. Mvua iliyofuata nilipata mafua, yakaishia puani. Ni maziwa? Ni chakula? Ni kule kutoogopa tena? Sista naye alisema hawezi kuapa, ila niendelee kunywa. Mimi ninachojua ni nani aliyewatuma kwangu, Sista na Rasoa.

Utukufu ni wake! Nawe uliyefungwa na hofu ya mtu wa ua wako, mtumaini Bwana leo hii. Inuka, ukabishe mlango wa huyo unayemwogopa.