Mwinjilisti Yeremia Nyange na Nyumba Aliyoipita

Marehemu Yeremia Nyange alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mtaa wa Jadida, Wete, mtoto wa kwanza wa Mzee Nyange aliyetoka bara kuja kuchuma karafuu, akabaki. Mdogo wake ni Duni. Mama yao alifariki mapema, na Yeremia ndiye aliyembeba Duni mgongoni.

Alianza shule ya msingi Wete mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, akamaliza 1971. Alifanya kibarua cha barabara miaka tisa. Mwaka 1979 alimuoa Bi Tatu Marko, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1981 kanisa lilimpeleka Tanga kusomea uinjilisti, akarudi kuhudumu Chake Chake mpaka nguvu zilipomwishia.

Kutoka Tanga alirudi na fundisho alilolishika maisha yake yote, kwamba Mungu huwachagua walio wake kwa rehema tu. Lakini mwanzoni alilishika vibaya. Kila Jumamosi alikwenda Vitongoji kwa baiskeli kuwatembelea wafanyakazi wa kutoka bara, na njiani aliipita nyumba ya Duni bila kusimama. Duni alikuwa mgema, na tembo alilogema alilinywa. Marehemu alikwisha kumhesabu kuwa hayumo kati ya hao waliochaguliwa.

Jumamosi moja mwaka 1986 alisikia sauti juu ya mnazi.

"Kaka! Kila wiki wapita kwenda kwa watu baki, kwangu mie hupigi hodi. Kwani Mungu kakwambia mie simo?"

Marehemu alishuka kwenye baiskeli. "Hakuniambia."

"Basi weye umejuaje?"

Marehemu alitazama juu ya mnazi. Akasema, "Shuka basi, mdogo wangu, tuzungumze."

"Panda weye! Huku juu ndiko karibu na Mungu."

Jirani wa Duni, Mzee Khatib, alicheka hata akakaa chini. Marehemu aliegemeza baiskeli kwenye mnazi akangoja, na siku hiyo Vitongoji hakufika.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema, "Nilikuwa nachambua watu kama tunavyochambua karafuu na makonyo, vijiti vyake. Sikutumwa kuchambua. Mungu anawajua walio wake, mimi siwajui. Ningewajua ningepiga hodi kwao tu. Kwa kuwa siwajui, napiga hodi kote, na hodi hiyo ndiyo Mungu anayowaitia walio wake. Hata mimi sikuitwa kwa wema wangu. Nilihurumiwa."

Tangu hapo hakuipita tena nyumba ile. Duni alimkaribisha, akamsikiliza, akamtania, na kanisani hakuenda. Watu walimwambia marehemu anapoteza muda. Alijibu kwamba muda si wake.

Mwaka 2014 alishikwa na kisukari, na mwaka 2017 alikatwa mguu wa kulia. Baiskeli ikawekwa. Jumamosi ya kwanza aliyorudi nyumbani kutoka hospitali, mlangoni ilisikika hodi. Alikuwa Duni, na samaki mkononi.

"Leo hukunipita?" marehemu akamwuliza.

"Nikupite vipi, kaka? Kwani nimeambiwa weye humo?"

Duni alikuja kila Jumamosi, akamwogesha na kumgeuza kitandani. Siku za mwisho Bi Tatu alimwuliza mumewe kama moyo unamuuma kwa ajili ya mdogo wake. Alisema, "Unauma. Ila Duni yuko mikononi mwa Mwenye huruma kuliko mimi. Kazi yangu ilikuwa hodi."

Alilala katika Bwana nyumbani kwake, Chake Chake, tarehe 9 Juni 2019, alfajiri.

Ameacha mjane, Bi Tatu, watoto wanne, Marko, Mwanawema, Yohana na Mize, wajukuu saba, na mdogo wake, Duni.

Jana mchana, kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa, Duni alikuja kumwuliza Bi Tatu ibada ya maziko kanisani itaanza saa ngapi, na kama mtu asiyebatizwa aweza kukaa mbele. Bi Tatu alimwambia nafasi yake ipo.

Mwinjilisti Nyange, pumzika kwa amani ya Yule aliyekuhurumia kwanza.