Mama Stempu Anatoka Ijumaa, Kanuni Inaanza Jumamosi

Miaka thelathini na moja ya kukagua tumbaku inafika mwisho Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Mama Stempu anarudisha kitambulisho na funguo za ghala, anakwenda nyumbani. Tunacheka naye tangu asubuhi hapa ukumbini tunapomuaga, lakini kicheko chenyewe kinaishia mdomoni.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, wenye maduka wakadhani kapotea njia. Wiki haikuisha, wakamjua. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya stempu ya ushuru mara moja tu, basi: hii halali, hii ya magendo, na hii imechapwa hapo hapo nyuma ya duka lako. Mashine ya kukagulia ilipoletwa ilibishana naye mara mbili. Mara zote mbili fundi aliitwa kuja kutengeneza mashine.

Mimi ninayewasomea haya, mpakiaji wa ghala, nilikuwa mteja wake. Nilitembeza sigara za magendo kwenye trei pale stendi, akanikamata mara tatu. Mara ya tatu hata kukimbia niliona uvivu, nikamshikia trei huku yeye anaandika. Akasema mtu mwenye mgongo kama huu anahangaika na trei ya nini, ghalani wanatafuta kibarua. Huu mwaka wa kumi na moja nipo, na hadi leo akinipita nasimama wima kama mwenye kesi.

Halafu zikaja sigara za umeme, hizi vepu. Mama akakamata katoni kumi na mbili kwenye duka la kona, hatua chache tu kutoka shuleni. Nyingine zilitengenezwa kama kalamu za rangi, zinanukia stroberi. Mwenye duka akaja na wakili. Wakili akafungua kanuni: sigara zimo, ugoro umo, tumbaku ya kutafuna imo, vepu hazimo. Mzigo urudishwe. Nikaubeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari, na yule bwana ananichekea, ananiambia niweke polepole kaka, mali ya watu hiyo. Mama alisimama mlangoni mwa ghala. Chai yake ya saa nne ilipoa, ikamwagwa.

Tangu siku ile, miaka sita, kazi yake ikawa barua za kuomba vepu ziingizwe kwenye kanuni. Wakubwa wakimwona kwenye korido wanakumbuka ghafla wana simu ya kupiga. Kuna siku alimfuata mkurugenzi hadi kwa kinyozi, akamsomea kifungu wakati kichwa kimenyolewa nusu. Mzee wa watu angekimbilia wapi?

Kanuni zimepita. Vepu zimetajwa humo kwa jina, na umbali kutoka shuleni umeandikwa. Zinaanza kazi tarehe moja, Jumamosi. Yeye anatoka Ijumaa.

Tuliomba aongezewe hata wiki moja. Utumishi wakajibu umri ni umri. Nilimpelekea barua mimi. Akaisoma, akaikunja ndogo, akauliza majani ya chai yamewekwa wapi. Maji yakiwa jikoni ndipo akasema alitaka kuingia duka lile mara moja tu, akiwa amevaa kitambulisho. Mara moja tu, mwanangu.

Majani nikayatia mimi.

Mama yetu, asante. Kwa kila stempu, kwa kila barua, na kwa mgongo wangu uliouona una kazi. Hili lisitoke nje ya ukumbi huu: Jumatatu saa tatu tunaanzia duka la kona. Usizime simu. Nitakupigia nikishafika kaunta, sitaongea, nitaiweka tu pale juu ya meza usikie yule bwana anavyosomewa kifungu chako, na mimi ninavyoshusha katoni, moja moja, polepole.

Tunakuombea afya, siku nyingi, na usingizi mtamu wa asubuhi. Usingizi uanze Jumanne.