Bi Kahaso Hakufundisha Ulevi

Nilimkosea Bi Kahaso, na sitaki kumuaga Ijumaa hii, tarehe mosi Agosti, kama kwamba sikumkosea. Anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha chekechea shuleni kwetu hapa karibu na Takaungu. Miaka miwili ya mwisho hakufundisha. Alipanga vitabu stoo. Sababu ni mimi, Faris, karani wa shule.

Watoto wake walijifunza kazi za watu kwa kuzicheza. Daktari alimwekea mgonjwa kizibo cha soda kifuani. Muuza samaki alipanga majani ya mwembe juu ya kuti, akapiga kelele, "Changu wa leo huyo, mama, usimtie vidole!" Kuna aliyeniigiza mimi: alipiga mihuri mezani mpaka akasinzia. Walimu walinicheka wiki nzima.

Siku moja Pola, wa miaka mitano, akakwea dawati. Rula ndiyo kotama ya kugemea, kopo ndilo kibuyu. Babake ni mgema wa tembo la mnazi.

"Bi Kahaso, sogea huko, nisije nikakudondoshea!"

Bi Kahaso akasogea, akamuuliza leo atagema minazi mingapi. Wakahesabu pamoja hadi kumi na mbili.

Mimi nilikuwa dirishani. Nikaiandikia ofisi ya elimu Kilifi kwamba mwalimu huyu anafundisha watoto ulevi. Sikumuuliza kitu. Nilijiona nailinda dini, mjinga mimi! Kamati ikaitwa, na wazee walewale waliosomeshwa kwa pesa za mnazi wakainamisha vichwa, hakuna aliyemtetea; akaondolewa darasani, akapelekwa stoo. Nimewakasirikia, lakini nafsi yangu nimeikasirikia zaidi. Mtoto alicheza kazi inayomlisha, sisi watu wazima tukamfunza kuionea haya. Sasa Pola akiulizwa babake hufanya nini, hujibu, "Hana kazi."

Bi Kahaso hakunitukana hata siku moja. Kila asubuhi nampa shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mdogo wangu," kisha anaingia stoo. Heri angenitukana.

Bi Kahaso, ahsante kwa watoto wetu wote uliowafunza. Mungu akupe afya na mapumziko yenye raha.

Barua yangu bado imo kwenye faili lako. Jumatano tarehe sita Agosti, saa tatu asubuhi, nitakuwa ofisi ya elimu Kilifi na barua nyingine yenye sahihi yangu, inayosema nilikusingizia. Sitoki pale mpaka iingie failini. Alhamisi tarehe saba nitakwenda kwa babake Pola, nimwombe radhi mbele ya mwanawe.