Jeneza na Tarumbeta Zake

Ndani ya basi, mama mmoja alitega sikio. Kiti cha mbele, binti aliyefiwa na baba yake alikuwa akimlalamikia fundi cherehani aliyekaa naye: "Muuza majeneza kasema jeneza haliuzwi bila wapiga tarumbeta. Na baba alichukia kelele, hata jogoo wake alimchinja!"

Fundi akacheka. "Dada, nikikushonea gauni nakulazimisha ununue na viatu? Mwambie akutajie bei ya kila kitu peke yake, kabla hujalipa."

"Naona haya, kaka. Nipatane bei juu ya maiti ya baba?"

"Hiyo haya yako ndiyo mtaji wake!"

Mama akaguna. Wanawe nao wana haya hiyo hiyo. Akaapa kuwaonya leo leo, kabla siku yake ya kuzikwa haijafika. Basi likasimama mbele ya duka la majeneza. Binti akashuka, mkoba kaukumbatia kifuani, na tarumbeta zikaanza kulia.