Sanduku Yenye Tulibomoa

Batata na bamama wa kikundi yetu ya kilio, muniache niseme nikiwa nimekaa, magoti inakataa. Masomo nilifikaka mwaka ya pili tu, basi maneno yangu inazungukaka. Mutanivumilia.

Ile wakati banafukuza Bakasai, batu ya Kasai, hapa Kolwezi, na kazi ya mugodi ilikuwa inakufa. Siye batu ya Maniema habakutugusa, lakini Baislamu wenzetu baliogopa: leo bale, kesho siye. Balipakia bitu, balienda. Musikiti ikafungwa. Bwana yangu alikataa kuhama. Alikuwa mugumu, hata dawa ya ugonjwa wake alikuwa anamwaga nyuma ya nyumba, lakini ile ni habari ingine.

Asubuhi moja akafa.

Ndugu zangu, mi nabaambia ukweli: nilifunga mulango. Nilisema, bale Bakristu batafurahi, Mwislamu moja amepunguka. Na lazima azikwe mbele ya jua kushuka, na mwanaume Mwislamu alibakia moja tu, muzee mushonaji wa nguo, mugongo ya kupinda, alikuwa na mi mu nyumba.

Saa sita, mulango inagongwa. Ni jirani yangu Mukatolika, fundi wa mbao, na banaume bane. Banabeba sanduku mupya, rangi nyeupe.

«Mama, tulimutengenezea tata, bwana yako. Tutakaa kilio siku tatu, kisha tutamuzika.»

Nikalia. «Jirani, siye hatuzikake na sanduku. Na ni leo.»

Akaangalia kazi yake. Bibi yake, mwenye alibafwata, akasema: «Ndio wewe uyo. Kupaka rangi unajua, kuuliza hapana.»

Hata mi nilicheka, maiti akiwa mu nyumba.

«Basi anahitaji nini?» jirani akauliza.

Muzee akaeleza: sanda, shimo, na ndani ya shimo nafasi ya kando, yenye kufungwa na mbao, udongo isimwangukie.

«Mbao?» Jirani akakamata nyundo, akabomoa sanduku yake mwenyewe.

Mi na muzee tulimuosha. Jirani na bale banaume balichimba, banauliza kila saa uso ya maiti itaangalia wapi. Muzee alisalisha peke yake. Bale balisimama nyuma, kofia mu mikono. Jua ilikuwa ingali juu wakati mbao ya mwisho iliwekwa.

Asante kwenu wenye mulichimba ile siku, wenye mungali wazima na wenye balishakufa. Mukifiwa, musifunge mulango kama mi. Na mwenye kuleta kitu, aulize kwanza.

Ile kilio ya siku tatu? Balikaa tu. Ile sikubakataza.