Vichwa Viwili Mbele ya Daktari

Akina mama wenzangu, asalaam aleikum. Naona humu ndani tuko wanawake watupu, kwa hiyo nitasema yote, na huu mtandio nitauvua nikimaliza.

Nina pacha wangu, ameolewa Nandagala. Tunafanana mpaka marehemu mama alikuwa anatuchanganya. Sasa niambieni, mtu mliyefanana kila kitu, nywele zake zimejaa, na zako zinaukimbia uso. Mimi nilimchukia. Kila harusi wanamsifia yeye. Nikirudi hapa Nachingwea nasuka rasta, namwambia msusi akaze, ili harusi ijayo nimfunike. Mbele pakazidi kupungua, nikazidi kukazwa ili pafichike. Mwisho nikasema huyu amechukua nyota yangu. Nikaacha kwenda kwake, na simu zake nikawa sipokei.

Ndugu zangu, nawaambia, wivu unachosha kuliko kupalilia ufuta.

Nikaenda hospitali nikitaka dawa ya kupaka tu. Daktari akaniuliza nywele zilianza kupungua lini, kama niliugua homa kali, kama nimejifungua karibuni, natumia dawa gani. Akavuta nywele chache aone kama zinang'oka kirahisi. Akatafuta mapunye, hakuna. Nikapimwa damu, iko sawa. Kisha akauliza kama kwetu kuna wanawake wenye upara. Nikamjibu kwa hasira kwamba ninaye pacha, zake zimejaa tele, na kama zangu zimeibwa basi mwizi ni huyo.

"Mlete," akasema.

Nilisusa kwanza. Halafu nikajitazama kwenye kioo, nikampigia. Kesho yake asubuhi akaja, wala hakuniuliza kwa nini nilikuwa simpokelei simu. Tukakaa benchi moja, tukavua mitandio. Daktari akakagua kichwa chake, akarudi kwangu, akapapasa kwenye paji na juu ya masikio, pale rasta zinapovuta.

"Mmezaliwa na nywele zilezile," akasema. "Zako hazikuibwa, mama. Umezing'oa kwa kukaza. Mizizi mingi bado ipo, tumewahi."

Nililia palepale. Pacha wangu akanishika mkono, akasema yeye siku zote alizionea wivu rasta zangu. Alijaribu kusuka mara moja, akazifumua siku hiyohiyo kwa maumivu.

Namshukuru daktari yule. Nawashukuru na ninyi, mliona nashinda na mtandio msinicheke. Na namshukuru pacha wangu, huyo aliyekaa pale nyuma, ndiye anayenisuka sasa, kwa uzi, bila kukaza. Rasta ikiuma, fumueni. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, nenda ukapimwe.

Wivu haujaisha wote, nisiwadanganye. Juzi nilimkuta anamsuka jirani yangu, nikanuna mpaka jioni.

Haya, navua. Na yeye avue. Zangu bado fupi hapa mbele, lakini zipo. Ila leo msianze kumsifia yeye.