Amesema Mkeo

Tulikuwa wanne kijiweni, kwenye benchi linalotazamana na mlango wa zahanati, birika la kahawa katikati yetu. Kinyozi alikuwa ametoka kuchomwa sindano, na kahawa yake alikuwa hajaigusa. Mkewe tulimzika mwaka juzi, baada ya basi alilopanda kuungua, kwa hiyo yeye kunyong'onyea si jambo geni. Mwanzoni nilidhani ni homa tu.

— Yule roboti wa mapokezi kanishika mkono, akasema Kinyozi. Kaniambia, "Mkeo amesema ukichomwa sindano ushikwe mkono, unaogopa."

Mama Cherehani akaangua kicheko.

— Unaogopa sindano wewe? Na nyembe zote zile?

— Cheka tu. Hilo alilijua yeye peke yake.

Fundi Redio, mtu asiyekosa jibu, akakohoa.

— Kakisia huyo. Wanaume wote waoga.

— Hakisii, nikamkata kauli. Mimi ndiye nasafisha pale, nimewaona wakimfundisha. Kila mtu kapangiwa habari zake: mume wa nani, anaumwa nini, nani kasema, kasema lini. Ndivyo anavyoongea na watu. Kisichokuwemo, anakwambia hajui.

— Basi kachanganya mafaili, akasema Fundi Redio.

— Au kuna mwanamke anatumia kadi ya marehemu, akasema Mama Cherehani. Hakucheka tena.

Fundi Redio akashusha sauti.

— Mashine zile zina masikio kuliko sisi. Nani kakwambia wafu wamenyamaza? Labda wanaongea siku zote, sisi ndio viziwi.

— Hebu acha hizo, mwili unanisisimka! akasema Mama Cherehani.

— Nilimuuliza amesema lini, akasema Kinyozi. Akanijibu, "Jumanne, saa nne asubuhi. Alikaa kiti hicho hicho."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Niliogopa, sifichi. Jumanne saa nne nilikuwa napiga deki chini ya kile kiti, na kuna mwanamke aliinua miguu nipitishe tambara. Sikumwangalia usoni.

Dada mmoja aliyehamia mtaani wiki hiyo alikuwa amesimama akisubiri kikombe.

— Samahanini, akasema kwa upole. Mlipomzika, nani aliuona uso wake?

Kinyozi akatutazama mmoja mmoja, sisi watatu tuliolipokea lile jeneza likiwa limeshapigwa misumari, tukamzuia asilifungue.